Begi Lililokaa Mlangoni

Gudele, Juba, jioni ya kuamkia safari

Kiden mwanangu,

Najua ukisoma neno hilo la pili utatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kama unavyofanya nikijifanya mkubwa. Mimi ni dada yako. Nina miaka kumi na minane, bado navaa sketi ya shule, na mwalimu wa hesabu bado ananituma kufuta ubao. Lakini tangu Mama alipofariki kule kwenye kambi ya wakimbizi, mimi ndiye niliyekuosha miguu, niliyekufunga vifungo, na niliyetia saini kwenye ripoti yako mahali palipoandikwa "mzazi". Mara ya kwanza nilifikiri mwalimu atanirudishia karatasi na kuniuliza nimejipa cheo hicho lini. Hakuuliza. Kwa hiyo leo naandika nikiwa nimekaa mahali pale pa saini.

Uko ng'ambo ya ua wa mabati, kwa Mama Brenda, unasukwa. Amesema kichwa chako kitamchukua saa tatu, basi nami nina saa tatu za kukuambia jambo ambalo nimeshindwa kukuambia kwa mdomo kwa miaka tisa. Unanijua. Mtu akiniangalia usoni, maneno yananiponyoka. Kwenye karatasi naweza kusimama.

Mambo ya sabuni, ya mswaki na ya kuamka mapema sitayaandika. Mama Mdogo atakuambia hayo yote mkifika Kitale, na atayarudia mpaka uchoke. Mama Brenda atakupeleka hadi Kampala kwa basi, na hapo Mama Mdogo atakupokea. Usijali njia.

Nataka kuanza na kichwa chako, si nywele. Nataka kuanza na jinsi ulivyokitikisa wiki iliyopita.

Tulikuwa tumekaa uani, mimi na wewe na bibi yetu Haboba, tukasikiliza ujumbe wa sauti ambao mkuu wa shule mpya alimpa Mama Mdogo atutumie. Alisema kwa upole, lakini alisema: "Tutampokea kwa muhula mmoja kwanza, tumwone. Mtoto asiyefungua mdomo darasani, mwalimu hawezi kujua kama ameelewa au amepotea. Ikiwa mwisho wa muhula bado haongei, itabidi mumchukue." Simu ilipozima, Haboba alitema nyuzi za embe na kusema, "Huyu mtoto iko kimya toka zamani. Hiyo ndiyo tabia yake. Mungu alimuumba hivyo."

Nawe ukatikisa kichwa kukubali.

Barua hii yote ni kwa sababu ya kichwa kile. Nilitaka kusema palepale, "Haboba, si kweli," lakini ulimi wangu nao ulikuwa umelala. Kwa hiyo nasema sasa. Mungu hakukuumba hivyo. Ni mkono wangu.

Ulikuwa na miaka miwili na miezi michache, nami nilikuwa na tisa. Tuliishi hapahapa, kwenye chumba cha nyuma ambacho sasa Haboba anawekea kuni. Kabla ya siku hizo ulikuwa mropokaji, Kiden. Sitanii. Ulikuwa unaongea na kuku. Ulimkaripia Baba akichelewa kurudi, ukiwa umeshika kiuno. Mama alikuwa akisema kwamba ukikua utauza sokoni, maana mteja hatapata nafasi ya kukataa bei. Ninakumbuka sauti yako ya wakati ule. Ilikuwa nene kidogo, kama ya mtu aliyetoka usingizini.

Halafu milio ya bunduki ikaanza upande wa mlima, ikaja huku. Baba alikuwa ametoka asubuhi. Unajua kwamba hakurudi, hilo umeambiwa. Mengine hujaambiwa. Mama alitusukuma chini ya kitanda, mimi na wewe, naye akalala kifudifudi mlangoni. Nilikuwa mdogo, sikuelewa kwa nini amechagua mahali pabaya namna ile badala ya kuja kwetu. Nilielewa baadaye sana, nikiwa nafua nguo, nikaacha kufua.

Siku ya pili watu walisimama kwenye ua wetu. Niliona viatu vyao kupitia mwanya wa chini ya mlango, pembeni mwa miguu ya Mama. Nawe ukataka maji. Ulianza kuyaomba kwa ile sauti yako nene. Mama alinigeuzia macho tu. Nikakunong'oneza, "Uskut," kama tunavyomwambia mtoto anyamaze kwa Kiarabu cha hapa, lakini hukunyamaza, kwa hiyo nikaweka kiganja mdomoni mwako nikakandamiza. Uliniuma. Nikakandamiza zaidi.

Lile kovu la kiganja changu cha kushoto, ambalo nimekuambia mara nyingi kwamba nilikatwa na bati, si la bati. Ni la meno yako.

Watu wale waliondoka. Mimi sikuondoa mkono. Mama ndiye aliyetambaa akaja kuuondoa, kidole kimoja kimoja, na chini yake midomo yako ilikuwa imebadilika rangi. Ulipumua. Hukulia. Ulituangalia sisi wawili kwa zamu, na kuanzia hapo hukusema neno kwa muda unaozidi mwaka.

Na unajua watu walifanya nini? Walitusifu. Kwenye lori la kwenda Kenya watoto wa wenzetu walikuwa wakilia usiku na mchana, na mama zao walimwangalia Mama kwa wivu. "Wewe umebarikiwa," walimwambia. "Mtoto hasumbui." Mama alijibu asante. Nami nilijiona shujaa, maana nilijua siri ya utulivu wako, na siri hiyo ilikuwa kiganjani mwangu.

Neno lako la kwanza baada ya hapo lilikuwa la Kiswahili. Tulikuwa kwenye foleni ya maji kambini, ndoo zetu tupu zimepangwa, mwanamke mmoja akamuuliza Mama, "Mmeshapata?" Ukajibu wewe, kutoka chini, "Bado." Mama alikaa chini kwenye matope. Watu walidhani ameanguka kwa kizunguzungu. Ndiyo maana mimi na wewe tunaongea Kiswahili tukiwa wawili, na ndiyo maana nakuandikia hivi. Katika lugha hii sijawahi kukunyamazisha.

Lakini maneno yalirudi kwa uchache, kama maji ya bomba lile. Ulisema tu ulipoulizwa, na kwa sauti ndogo. Ukinitaka hukuniita, ulikuja kunivuta mkono wa nguo. Mpaka leo unanivuta mkono wa nguo.

Mwaka wa tatu homa ikamchukua Mama. Sitaandika juu ya siku hiyo, karatasi haitoshi. Haboba akatuma habari kwamba turudi, nyumba ipo, amani imetangazwa. Tulipofika tulimkuta ameketi mlangoni, na kando yake lilikuwa begi la bluu.

Unalijua begi hilo kuliko unavyoijua sura ya Baba. Limekaa mlangoni miaka yote tuliyoishi hapa. Wenye nyumba wote wa mtaa huu wanalo, au wana beseni lenye kifuniko, au gunia lililofungwa kamba. Vyeti vya ubatizo, unga, chumvi, kiberiti, dawa ya maumivu, ndala za kila mtu. Nilimuuliza Haboba siku ile ya kwanza, "Si amani imekuja?" Akanicheka mpaka akakohoa.

"Amani?" alisema. "Mimi nimeisha ona amani tatu, binti yangu. Hii ya nne nitaiamini ikizeeka."

Haboba alikimbia mara ya kwanza akiwa mgongoni mwa mama yake. Mara ya pili akiwa bibi harusi, sufuria mpya zikiwa bado na karatasi za dukani. Mara ya tatu alikwenda Uganda na watoto wanne, akarudi na wawili, mmoja akiwa Mama. Mara ya nne, vita vilivyomchukua Baba, miguu ilikataa, sisi tulipoondoka akabaki ndani peke yake akisali kwa sauti ili wanaopita wajue humu mna kikongwe. Namwambia mtu kama huyo nini kuhusu begi? Nilijifunza kwake. Na hapo ndipo nilipofanya kosa langu la pili, ambalo lilifanana na upendo kiasi kwamba sikulitambua.

Unakumbuka Jumamosi zetu. Nilikuwa napiga beseni kwa mwiko, nawe ulitakiwa ulale chini popote ulipo, uso kwenye udongo, kimya, usiinuke mpaka niseme "kalas", yaani basi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria: usiinuke kwa sababu kelele zimeisha, wala kwa sababu wengine wameinuka. Inuka Poni akisema yamekwisha. Nilikuwa napima kwa simu. Sekunde saba, sekunde tano, sekunde nne. Ulipofikisha nne nilikununulia andazi kwa Mama Brenda, nikamwambia mbele yako, "Huyu hawezi kufa kizembe." Mama Brenda aliweka andazi chini. Akasema, "Wewe Poni, hii mtoto iko na miaka nane." Nikafikiri ananisifia.

Mwaka juzi tairi la lori la maji lilipasuka nje ya ukuta wa shule yenu. Mimi sikuwepo, nilisimuliwa na yule rafiki yako mwenye pengo. Alisema darasa zima lililala chini kwa pamoja, watoto sitini na kitu, na Ustaz, mwalimu wenu, naye akiwa chini ya meza yake, chaki mkononi. Darasa la jirani vilevile. Mpishi wa uji vilevile, uji ukamwagika. Kisha mtu akapiga kelele kutoka barabarani kwamba ni tairi, ni tairi tu. Ustaz akatoka, akajipangusa magoti, akatazama ubao na kuuliza, "Haya. Saba mara nane?" Wakamjibu. Hakuna aliyecheka wala aliyesema lolote kuhusu jambo lile, kama vile watu sitini na mwalimu wao kulala sakafuni ni sehemu ya somo la kuzidisha.

Na hakuna aliyeona kwamba wewe hukuinuka. Mtoto mtulivu hahesabiwi.

Jua lilipoanza kushuka hukuwa umefika. Nilikwenda kwa miguu njia nzima nikichungulia mitaro. Mlinzi alinifungulia akilalamika kwamba watoto wote wameshaondoka. Nilikukuta chini ya dawati la tatu, uso kwenye sakafu, mikono kando. Nikasema, "Kiden! Unafanya nini hapo?"

Ukageuza jicho moja tu. Ukaninong'oneza, "Hujasema."

Nilisema. Ukajaribu kusimama, miguu ilikuwa imekufa ganzi, ukaanguka tena. Nilikubeba mgongoni mpaka nyumbani, ukiwa na miaka tisa na mzito kama gunia, na njia yote ulikuwa kimya, nami nilikuwa nalia nikishukuru kwamba mtu anayebebwa mgongoni haoni uso.

Baada ya siku ile nilianza kuutazama mji huu kama mtu anayesoma kitabu ambacho amekuwa akikikalia. Nilimtazama fundi anayetengeneza mlango wa jirani, akaulizwa ufunguke ndani au nje, akajibu bila kufikiri, "Nje. Utakimbiaje ukivuta?" Nilitazama soko siku mama mmoja alipokimbia kumfuata mbuzi wake. Waliomwona akikimbia wakakimbia, waliowaona hao wakafunga vibanda, na kwa dakika kumi nusu ya soko ilikuwa imehama kwa sababu ya mbuzi. Nilitazama kanisani: viti vya karibu na mlango vinajaa kwanza. Nilimtazama yule mwanamume wa nyumba ya kona anayemlaza mkewe macho kwa kelele za ulevi, nikakumbuka kwamba zamani alikuwa akitufundisha wimbo wa kuhesabu. Sikumsamehe kwa niaba ya mkewe. Nilimtazama tu kwa muda mrefu zaidi kuliko zamani.

Mji mzima ukiwa unachechemea, nani atauliza mguu umefanya nini? Watasema ndiyo namna ya kutembea. Na mtoto akizaliwa atafundishwa kuchechemea vizuri, naye dada yake atampima kwa simu.

Muhula uliopita alikuja shuleni kwetu mwanamke mmoja kutoka zahanati ya kanisa, anayezungumza na watu juu ya mambo ya moyo na akili. Alituuliza kwa upole, "Nani kati yenu hulala kwa shida, au huamka akishtuka?" Mikono ya wenzangu wote ikainuka. Hata Ustaz wa historia, aliyekuwa amesimama nyuma, aliinua wake nusu kisha akajifanya anakuna sikio. Kijana mmoja akauliza, "Madamu, kwani kuna watu wanaolala usiku mzima?" Darasa likacheka sana. Mwanamke yule hakucheka. Alisema, "Wapo. Wengi." Na kicheko kikafa, maana tuliona kwamba hatanii.

Mimi peke yangu sikuinua mkono. Si kwamba nalala. Ni kwamba sijawahi kuinua mkono darasani, Kiden, kwa swali lolote. Mimi ninayetaka ukaseme mbele ya wageni, jibu nikilijua naliandika pembeni ya daftari na kulifunika kwa kiwiko. Kwa hiyo usidhani nakuandikia nikiwa ng'ambo ya mto nimeshavuka. Niko majini karibu nawe.

Lakini nilibaki baada ya kipindi. Nilimsubiri yule mwanamke kwenye kivuli cha choo, mahali pa ajabu pa kumsubiri mtu, nikamwonyesha kovu. Akauliza, "Nani?" Nikamwambia habari yetu, yote, labda kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe niliongea mpaka mate yakakauka. Nilitaka aniambie kwamba nilikosea, au aniambie kwamba sikukosea. Hakuniambia lolote kati ya hayo. Aliuliza, "Na mdogo wako anaijua habari hii?"

Nikasema hapana.

"Basi anadhani ni yeye," akasema.

Nimekaa na sentensi hiyo miezi mitatu. Nimeisoma kama ninavyosoma kitabu cha biolojia, mstari kwa mstari. Kitabu hicho kinasema mwili ukiogopa moyo huenda mbio, damu hukimbilia miguuni, na hofu ikiisha mambo hurudi mahali pake. Hakisemi itakuwaje kama hofu haipewi nafasi ya kuisha, kama kabla ya moyo kurudi mahali pake kuna mlio mwingine, na baba anakuwa hayupo, na kuna lori, na kambi, na homa, na begi. Sehemu hiyo nimeijaza mwenyewe pembeni kwa penseli. Nimeandika: mwili hujifunza kutosubiri sababu.

Kuna siku nyingine lazima niiseme, halafu nimalize maungamo. Siku uliyoangusha mfuniko wa sufuria nikakupiga kofi. Nilikuambia nimekupiga kwa uzembe wako. Hukuwa mzembe. Mfuniko ulilia, na mkono wangu ukaruka kabla yangu. Ulishika shavu, ukaokota mfuniko, ukauosha, ukauweka kimya mahali pake, na kuanzia siku ile unaweka vyombo vyote chini kama mtu anayemlaza mtoto. Nilipenda usafi wako. Nikakusifia kwa watu. Nisamehe, Kiden. Si kwa kofi tu, hata kwa sifa zile.

Sasa nikuambie ya leo, maana ulikuwa umeshavuka ua.

Huwezi kwenda Kitale na gunia. Tumezunguka nyumba nzima, na begi zuri ni moja tu. Nikalivuta kutoka mlangoni. Haboba alisikia zipu, unajua masikio yake tangu macho yafifie, akaja akishika ukuta.

"Nani anafungua begi?"

"Mimi, Haboba. Kiden anasafiri nalo."

"Na sisi? Vita ikikuja kesho, tunabeba unga kwa kichwa?"

"Haboba, mtoto anakwenda shule."

"Anaenda shule, anaenda shule! Mimi iliniambia nani kama vita inauliza ratiba ya shule?"

Nilitoa vitu kimoja kimoja na kuviweka sakafuni. Vyeti. Picha ya Mama. Unga, ambao Haboba huubadilisha kila mwezi. Halafu, chini kabisa, nikatoa ndala zako.

Zilikuwa nyekundu, na zilikuwa fupi kuliko kiganja changu. Tulizinunua mwaka tuliorudi, na kila mtu alikumbuka kubadilisha unga na hakuna aliyekumbuka kwamba mguu unakua. Miaka yote hii tumekuwa tayari, usiku na mchana, kumwokoa mtoto wa miaka sita ambaye hayupo tena. Kama tungekimbia kweli, ungekimbia peku.

Nikampa Haboba azipapase. Alizigeuza mikononi kwa muda. Akauliza, "Hizi ni za nani?"

"Za Kiden."

Akakaa chini. Baadaye nilimwona amechukua beseni, ametia unga na chumvi, amelifunika na kulisukuma mlangoni kwa mguu. Sikumkataza. Ana haki ya beseni lake. Ila begi limetoka.

Kesho litapanda juu ya basi, Kiden, na hakuna atakayekuwa anakimbia. Nadhani hata lenyewe litashangaa.

Huko uendako utakuta watu ambao mlango ukijibamiza wanaendelea kunywa chai. Mama Mdogo anasema mvua ya Kitale ina radi za kupasua anga. Siwezi kukuambia usilale chini. Utalala. Utalala na utakuwa peke yako sakafuni, na wenzako wamesimama wakikutazama, na wengine watacheka kwa sababu hawajui. Usiwachukie. Sisi nasi tulicheka tulipoambiwa kuna watu wanaolala usiku mzima. Na usiamini kwamba mwili wako ni mjinga. Ulijifunza ulichofundishwa, na ulikifanya vizuri kuliko mtu yeyote, kwa sekunde nne.

Ninachoogopa si kulala chini. Ninachoogopa ni kwamba mimi nitakuwa Juba, nawe utakuwa chini ya dawati unanisubiri niseme.

Kwa hiyo neno hilo, "kalas", nakuachia. Halikuwa langu. Nililichukua bila ruhusa, kama nilivyochukua mahali pa saini. Ukiwa chini na kelele zimepita, liseme wewe, kwa sauti ya kusikika, hata kama darasa zima linakuangalia, hata kama litakuwa ndilo neno pekee utakalosema wiki hiyo. Mwalimu hatajua maana yake. Lakini atakuwa amesikia sauti yako, na mkuu wa shule hakuomba zaidi ya hapo. Muhula ukiisha bado hujaweza, rudi. Sitakuwa na aibu nawe. Nitakuja kituo cha basi nikiwa nimevaa sketi ya shule. Lakini ukirudi, rudi ukijua kwamba mwanzoni hukuwa kimya. Mwanzoni ulikuwa unawakaripia kuku.

Nilitaka kumalizia hapo. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kuagana, yale mazuri mazuri ya vitabuni, ndipo nikasikia kitu ng'ambo ya mabati.

Unajua jinsi Mama Brenda anavyovuta. Wanawake wazima wanatoka pale machozi yakiwatiririka. Wewe hujawahi hata kukunja uso, tangu mara ya kwanza, na kila mara anasema, "Hii mtoto ni jiwe, haki ya Mungu." Na kila mara nimejisikia fahari.

Sasa hivi nimesikia, kwa sauti nene kidogo, kama ya mtu aliyetoka usingizini:

"Mama Brenda, inauma!"

Halafu Mama Brenda akapasua kicheko, "Eh! Jiwe imesema! Wapi inauma, mama? Hapa?"

"Hapo! Unavuta sana! Inauma!"

Haboba ameinua kichwa kutoka kwenye mkeka. Ameuliza, "Nani huyo anapiga kelele kwa watu?"

Nimemwambia, "Kiden."

Akauliza, "Kiden gani?"

Namaliza haraka, maana sasa nawasikia mnabishana juu ya kitana na nataka kuja kusikiliza karibu. Barua hii nitaiweka chini kabisa ya begi, pale zilipokuwa ndala. Utaikuta ukifika.

Kalas, mwanangu. Inuka.

Mimi niliyetia saini mahali pa mzazi,
Poni